Kuruka foleni kwenye bustani za burudani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu pasi za bure na za kulipia

Umeshalipa kiingilio, umeshapita getini, halafu programu ya simu inakuuliza kama ungependa kulipa tena ili usisimame juani saa moja na nusu. Maswali ya hapa chini ni yale ambayo watu huuliza wakati huo huo, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kununua. Bei na kanuni hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo zile zilizowekewa mwaka zichukue kama historia. Za siku yako zitazame kwenye programu ya bustani unayokwenda.

Kuna aina ngapi za foleni?

Tuziweke nne. Ya kwanza ni njia ya kawaida: unaingia, unasogea hatua kwa hatua, unapanda. Haina malipo na ipo karibu kila mchezo (hapa mchezo ni chombo cha kupanda, kama treni ya kasi au bembea). Ya pili ni foleni ya mtandaoni: unaandikisha jina kwa simu, unapewa namba ya kundi au saa ya kurudi, kisha unaendelea na mambo yako mpaka uitwe. Ya tatu ni pasi ya kulipia kwa mchezo mmoja. Ya nne ni pasi ya siku, ambayo inakufungulia njia ya haraka ya michezo mingi.

Majina ya kibiashara hayakwambii unauziwa ipi. Lightning Lane, Express, Premier Access, Fast Lane, Fastrack, VirtualLine, yote yanasikika kama ahadi ile ile. Kabla ya kulipa tafuta majibu ya mambo matatu. Saa ya kupanda utaichagua mwenyewe, utapangiwa, au utakwenda muda wowote? Kwa mchezo mmoja unaruhusiwa mara ngapi? Na ule mchezo unaoutaka kuliko yote, umo? Hilo la tatu ndilo linalowaangusha wengi, maana mchezo mpya unaogombewa mara nyingi huwekwa kando na kuuzwa peke yake.

Foleni ya mtandaoni na pasi ya kuruka foleni si ni yale yale?

Hapana. Kwenye foleni ya mtandaoni unasubiri kama wengine, ila miguu inapumzika. Kwenye pasi ya kuruka unapita mbele ya waliokutangulia. Six Flags, kampuni ya bustani za Marekani, kwa miaka mingi iliuza vyote viwili kwa jina moja la Flash Pass. Daraja la chini lilikushikia nafasi kwa muda ule ule ambao ungesimama kwenye njia ya kawaida. Madaraja ya juu, yenye bei kubwa zaidi, yalipunguza muda wenyewe, na lile la Gold liliukata hadi nusu. Anayenunua daraja la chini akidhani anapita moja kwa moja atanuna siku nzima, na maelezo yalikuwepo tangu mwanzo.

Foleni ya mtandaoni inapunguza muda wa kusubiri?

Wako wewe, huenda. Wa bustani nzima, hapana.

Mchezo una viti vyake, magari yake na muda wake wa kufunga na kufungua mikanda. Kama unabeba watu 1,200 kwa saa, utabeba 1,200 wawe wamefika kwa miguu, kwa simu au kwa kadi ya benki. Hakuna pasi inayoongeza hata kiti kimoja. Kinachoongeza viti ni kuweka treni nyingine kwenye reli, kuwa na wahudumu wepesi wa kupakia watu, na mchezo kutoharibika katikati ya siku.

Kinachobadilika ni idadi ya foleni ambazo mtu mmoja anaweza kuwamo kwa wakati mmoja. Kabla ya mifumo hii, mwili mmoja ulikuwa na foleni moja. Sasa mwili umesimama kwenye mchezo huu na jina limesimama kwenye ule. Wale mamia ambao wangekuwa wamejipanga ndani ya uzio wa mchezo mmoja wanamwagika njiani, madukani, mikahawani na kwenye foleni za michezo midogo ambayo hapo awali uliingia bila kusubiri. Bustani hazilalamiki, maana mtu aliyesimama kwenye foleni hanunui soda wala fulana.

Mfano ulio wazi kwamba kusubiri hakupungui ni Volcano Bay, bustani ya maji ya kampuni ya Universal huko Orlando, Florida, iliyofunguliwa Mei 2017. Kila mgeni alivalishwa bangili ya mkononi iitwayo TapuTapu, anaigusisha kwenye nguzo ya mchezo, kisha bangili inamtetemekea zamu yake ikifika. Wazo lilikuwa bustani isiyo na foleni za kusimama. Lakini mtu aliruhusiwa kushika nafasi ya mchezo mmoja tu kwa wakati, na siku za mwanzo mbao za matangazo zilionyesha kusubiri kwa saa kadhaa kwa mchezo mmoja. Mtu akishagusa, hakuna pengine pa kujipanga: ni kuelea majini na kutazama mkono. Kusubiri kulibaki pale pale, ila sasa kulikuwa ndani ya bwawa. Wapo waliopenda hivyo, na siwalaumu.

Kwa nini njia ya kawaida wakati mwingine inasimama kabisa, hata hatua moja hakuna?

Sababu iko mahali ambapo njia mbili zinakutana, karibu na mwisho. Hapo anasimama mhudumu. Mkono wake mmoja unazuia njia ya kawaida, mwingine unapitisha njia ya haraka. Anahesabu vichwa vya njia ya haraka, anapitisha kundi kubwa, anageuka, anaruhusu familia mbili tatu za njia ya kawaida, anafunga tena. Yeye hana uamuzi, anafuata uwiano aliopewa. Wenye pasi wameahidiwa kusubiri muda mfupi, kwa hiyo wao hupewa sehemu kubwa ya viti.

Fanya hesabu. Mchezo unabeba watu 1,200 kwa saa na mbele yako kuna watu 600. Bila njia ya haraka, utapanda baada ya nusu saa. Sasa chukulia viti vitatu katika kila vinne vinakwenda kwa wenye pasi. Njia ya kawaida inabaki na viti 300 kwa saa, na watu wale wale 600 wanageuka kuwa saa mbili. Ndiyo maana foleni inayoonekana fupi kwa macho inaweza kuwa ndefu kwa saa. Ukiona njia ya haraka nayo imefurika hadi nje ya lango lake, achana na njia ya kawaida ya mchezo huo na urudi baadaye.

Hali huwa mbaya zaidi mchezo unapofunguliwa baada ya kuharibika. Wenye pasi wote waliokosa zamu wanarudi kwa pamoja, na njia ya kawaida inakatika pumzi.

Dakika zilizoandikwa ubaoni ni za kweli?

Ni makadirio, na mara nyingi yameongezwa kidogo. Mtu aliyeambiwa dakika 60 akapanda kwa 45 anatoka na furaha, lakini aliyeambiwa 45 akapanda kwa 60 anakwenda kulalamika. Vilevile namba kubwa husaidia kuwafukuzia watu kwenye michezo mingine. Jioni, karibu na kufunga, tofauti kati ya ubao na ukweli huwa kubwa zaidi, kwa hiyo usikate tamaa kwa kuona namba tu.

Disney imekuwa ikipima hivi: mgeni mmoja anakabidhiwa kadi nyekundu yenye kamba ya shingoni pale mlangoni, anaombwa aitembeze hadi mwisho na kuikabidhi kwa mhudumu wa karibu na magari. Kadi inasomwa mwanzo na mwisho, na tofauti ndiyo muda wa foleni. Ukipewa, ipokee. Haikuongezei wala kukupunguzia muda, lakini watoto hupenda kuivaa.

Hapo awali si ilikuwa bure?

Kwa Disney, ndiyo. FastPass ilianza mwaka 1999. Uliingiza tiketi yako ya bustani kwenye mashine iliyo kando ya mchezo, ikatoka karatasi yenye saa ya kurudi, na ukawa na saa nzima ya kuitumia. Haikuwa na malipo zaidi ya kiingilio. Mwaka 2014 kule Walt Disney World, Florida, karatasi ziliachia nafasi mfumo wa simu na bangili ulioitwa FastPass+. Ulichagua michezo mitatu kabla hata ya kutoka nyumbani: siku 60 kabla kwa waliolala kwenye hoteli za Disney, siku 30 kwa wengine. Disneyland ya California ikaja na MaxPass mwaka 2017, dola 10 kwa siku, kwa wale waliotaka kuchukua nafasi kwa simu badala ya kuzunguka kwenye mashine. Huo ulikuwa mguu wa kwanza wa malipo mlangoni.

Bustani zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya janga la korona. Zilipofunguliwa, FastPass haikurudi. Agosti 2021 Disney ilitangaza kuwa imekwisha, na Oktoba mwaka huo ikaleta pasi ya kulipia iitwayo Genie+ kwa dola 15 kwa mtu kwa siku huko Florida, ikifuatiwa na dola 20 huko California mwezi Desemba. Michezo mikubwa iliuzwa mmoja mmoja, nje ya bei hiyo. Mwaka 2022 bei ya Florida ilianza kupanda na kushuka kulingana na tarehe. Mwaka 2024 jina likabadilika kuwa Lightning Lane Multi Pass (ya michezo mingi) na Single Pass (ya mchezo mmoja), na uhifadhi wa mapema ukarudi: siku 7 kwa wageni wa hoteli za Disney, siku 3 kwa wengine. Mwisho wa mwaka huo ikaja Premier Pass, inayokuruhusu kupita njia ya haraka mara moja kwa kila mchezo bila kupanga saa. Ilitangazwa kwa dola 129 hadi 449 kwa mtu, kwa siku, kwa bustani moja. Familia ya watu wanne ipige hesabu ikiwa imekaa.

Ila tusisahau kwamba kulipia mchezo mmoja mmoja si jambo jipya. Hadi mwaka 1982 wageni wa Disneyland walinunua vitabu vya tiketi zenye herufi, A kwa michezo midogo hadi E kwa ile mikubwa. Kiingilio kimoja cha kupanda utakavyo kilikuja baada ya hapo.

Je, ni haki mwenye pesa apite mbele yangu?

Mwenye kisu kikali ndiye hula nyama, na bustani hizi hazikuanzishwa kupinga hilo. Kwenye hoja hii watu hugawanyika vibaya, na kila upande hupenda kusahau jambo.

Wanaolilia FastPass ya bure husahau kwamba nayo ilikuwa na wenyewe. Waliofaidi ni waliojua kanuni, waliokuwa na mtu wa kukimbia na tiketi za familia nzima kwenye mashine, au walioamka miezi miwili kabla kuchagua saa. Mgeni wa mara moja aliyefika mchana alikuta karatasi zimeisha, akasimama kwenye njia ya kawaida iliyorefushwa na waliokwishazichukua. Mfumo wa bure uliwapendelea wenye taarifa. Wa kulipia unawapendelea wenye pesa, na kwa kuwa nao una kanuni zake, wenye taarifa na pesa kwa pamoja ndio wanaopita vizuri zaidi.

Wanaotetea malipo wanasema kila mtu ana hiari ya kutonunua. Ni kweli nusu. Asiyenunua habaki alipokuwa, kwa sababu viti vinavyouzwa vimetoka kwenye njia yake. Hapo ndipo kero inapozaliwa: huuziwi kiti kipya, unauziwa zamu ya mwingine, na aliyenyang'anywa zamu alilipa kiingilio kile kile.

Kwa maoni yangu, suala la haki linategemea sana idadi ya pasi. Zikiuzwa chache, mwenye pasi anapata alichonunua na njia ya kawaida haihisi chochote. Zikiuzwa bila kikomo, wote wawili wanaumia, mmoja akiwa amelipa mara mbili.

Bustani gani bado zina utaratibu wa bure?

Europa-Park ya Ujerumani ina VirtualLine ndani ya programu yake, bila malipo, kwa baadhi ya michezo mikubwa. Siku yenye watu wengi nafasi hutolewa kidogo kidogo, kwa hiyo inabidi uitazame programu mara kwa mara. Efteling ya Uholanzi ilitumia foleni ya mtandaoni ya bure kwa Danse Macabre, mchezo uliofunguliwa mwaka 2024.

Tokyo Disney Resort imechanganya. FastPass ilikuwepo huko tangu mwaka 2000. Mei 2022 ikaingia Disney Premier Access ya kulipia, ikianza na yeni 2,000 kwa mchezo mmoja. Halafu Julai 2023, kwenye maadhimisho ya miaka 40, ikarudishwa pasi ya bure, Priority Pass, kwa michezo mingine. Kwa hiyo unaweza kuwa na ya bure na ya kulipia siku moja, kwenye programu moja. Ukiingia getini tu, chukua ya bure kwanza, maana huisha mapema, kisha ndipo ufikirie pesa. Disneyland Paris kwa upande wake iliachana na FastPass ya bure mwaka 2021 na kuuza Premier Access kwa kila mchezo.

Universal Express ina tofauti gani na ya Disney?

Haina miadi, tofauti na Multi Pass ya Disney. Huchagui saa wala huitwi. Unafika mlangoni, pasi inasomwa, unapita njia ya haraka. Kuna ya mara moja kwa kila mchezo na kuna ya kurudia utakavyo. Simu inabaki mfukoni, na kwa watu wengi hilo pekee lina thamani yake.

Jambo ambalo wageni wengi wa Orlando hulijua wakiwa wamechelewa: hoteli tatu za Universal, yaani Portofino Bay, Hard Rock Hotel na Royal Pacific, huwapa wageni wao Express ya kurudia kama sehemu ya bei ya chumba, kwa bustani mbili za zamani, Universal Studios Florida na Islands of Adventure. Epic Universe, bustani yao iliyofunguliwa Mei 2025, haimo. Kundi la watu wanne kwenye chumba kimoja siku za msimu wa watu wengi linaweza kukuta chumba ni rahisi kuliko kununua pasi nne kila siku. Piga hesabu pande zote mbili kabla ya kuhifadhi hoteli ya mbali.

Lini nilipe, lini nisilipe?

Usilipe siku ya katikati ya wiki, shule zikiwa hazijafunga, na hali ya hewa ya mawingu. Usilipe kama mtafika kabla ya geti kufunguliwa na mna nguvu za kutembea. Saa ya kwanza baada ya kufunguliwa ni pasi ya bure kuliko zote, na kwa kawaida utapanda humo michezo ambayo mchana ingekula nusu ya siku. Anayefika saa nne asubuhi akanunua pasi, mara nyingi ananunua usingizi aliolala.

Lipa kama una siku moja tu, umesafiri mbali, na ni kipindi cha likizo. Lipa kama mna mzee au mtu asiyeweza kusimama muda mrefu lakini hana sifa za huduma maalumu. Na kama kuna mchezo mmoja tu unaokuumiza kichwa, nunua pasi ya mchezo huo peke yake, achana na pasi ya siku.

Kabla ya kununua pasi ya siku, fungua programu ya bustani siku kadhaa kabla ya safari, saa za mchana, utazame dakika za kila mchezo. Ondoa michezo ambayo hamtaipanda. Jumlisha zilizobaki, gawa bei ya pasi kwa muda utakaookoa, na utaona unalipa kiasi gani kwa kila saa ya kutosimama. Nimeona watu wakinunua pasi ya michezo mingi huku wakiwa na watoto ambao hawajafikia urefu wa kupanda nusu ya michezo hiyo. Angalia vipimo vya urefu kwanza, jamani.

Na msinunue usiku wa kuamkia safari kwa hofu. Kwenye bustani zinazouza pasi siku ile ile, ingia, panda michezo miwili mitatu, uone hali, kisha uamue. Pale ambapo nafasi huisha kabla ya siku yenyewe, kama Disney ya Florida msimu wa likizo, itabidi uamue mapema.

Nifanyeje ili nipate nafasi kwenye foleni ya mtandaoni ya mchezo mpya?

Nafasi hizi huisha haraka sana. Mchezo wa Rise of the Resistance ulipofunguliwa kwenye bustani ya Disney ya Florida Desemba 2019 ulitumia makundi ya kupanda, na nafasi za siku nzima zilikuwa zikiisha mapema. Cosmic Rewind mwaka 2022, Tron mwaka 2023 na Tiana's Bayou Adventure mwaka 2024 zilifuata njia hiyo, zikifungua saa moja asubuhi na tena saa saba mchana. Baadaye michezo hiyo hupewa njia ya kawaida, msukumo ukishapungua.

Jina la kila mmoja wa kundi liwe limeshaunganishwa na akaunti yako tangu jana yake. Programu iwe imesasishwa. Dakika moja kabla ya saa yenyewe uwe umefika ukurasa wa kujiunga, watu wote wameshawekewa alama, kilichobaki ni kubonyeza. Kama wai-fai ya hoteli inasuasua, tumia data ya simu. Watu wawili wakijaribu kwa simu mbili si vibaya: wa kwanza kufanikiwa anawachukua wote. Ukikosa asubuhi, usigombane na mhudumu wa getini, hana nafasi mfukoni. Jaribu ya mchana.

Ukipata namba ya kundi la juu sana, endelea kufuatilia. Mchezo ukiharibika mchana, makundi ya mwisho huweza kutoitwa.

Mtu mmoja anaweza kutusimamia, sisi tukaja baadaye?

Kwa kwenda chooni na kurudi, wengi watavumilia. Kwa mmoja kusimama saa nzima kisha jamaa saba wakaja kuchomekea, hapana, na bustani nyingi zimeandika wazi kwamba ni kosa linaloweza kukutoa nje. Mhudumu akiwaambia mkutane nyuma, rudini nyuma. Hili ndilo chimbuko la ugomvi mwingi wa foleni kuliko pasi zote za kulipia.

Njia ya mpandaji mmoja ni nini?

Treni ina viti vinne kwa safu, imekuja familia ya watatu, kiti kimoja kitaondoka kitupu. Mhudumu anageukia njia ya pembeni, anainua kidole kimoja, na wewe unaruka ndani karibu na watu usiowajua. Ni bure na mara nyingi ni haraka kuliko njia ya kawaida. Sharti ni kukubali kutenganishwa. Msifike mbele mkaanza kuomba mkae pamoja. Si kila mchezo unayo, na kwa watoto wadogo haifai.

Tuna mtoto mdogo asiyeruhusiwa kupanda. Mmoja wetu akose?

Hapana, kuna utaratibu wa kupokezana, na ni bure. Mweleze mhudumu wa mlangoni kabla ya kujipanga. Mzazi mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila yule wa pili kuanza foleni upya. Mtoto mkubwa mara nyingi huruhusiwa kupanda mara mbili, na hapo ndipo ndugu wadogo hupata sababu ya kulia.

Vipi kwa mwenye ulemavu?

Huduma hizi hazina malipo, ila masharti yanatofautiana na yamekuwa yakikazwa. Disney ilianzisha huduma ya wageni wenye ulemavu iitwayo DAS (Disability Access Service) Oktoba 2013, baada ya magazeti ya Marekani kuandika kuhusu familia tajiri zilizokodi watu wenye ulemavu ili wapitishwe mbele. DAS haikupi kuruka: inakupa saa ya kurudi inayokaribiana na muda wa foleni iliyopo, ukasubiri mahali tulivu. Mwaka 2024 ilibanwa zaidi, ikalengwa hasa kwa wenye ulemavu wa ukuaji kama usonji, na maombi hufanywa kwa mazungumzo ya video. Wengi waliokuwa wakiipata, hasa wenye maradhi yasiyoonekana kwa macho, walijikuta nje, na malalamiko yao yana uzito. Usisubiri hadi getini. Soma masharti ya bustani yako na uombe kabla ya safari, ukieleza kinachokuzuia kusimama kwenye foleni badala ya jina la ugonjwa peke yake.

Mchezo ukiharibika wakati wa zamu yangu, nimepoteza?

Mara nyingi hapana. Kwa Disney, nafasi yako hugeuka kuwa ya kutumia kwenye mchezo huo ukifunguliwa au kwenye mingine iliyotajwa siku hiyo. Ila ukibadilishiwa mchezo mkubwa kwa mdogo, nenda kwa huduma kwa wateja ukaulize, kwa upole na mapema. Jioni foleni ya pale nayo huwa ndefu.

Nikichelewa saa niliyopewa?

Dakika chache huvumiliwa sehemu nyingi, bila kuandikwa popote. Nusu saa ni bahati yako na mhudumu uliyemkuta. Kama unajua utachelewa, badilisha saa kwenye programu kabla haijapita.

Naweza kumuuzia au kumpa mtu pasi yangu?

Hapana. Pasi imefungwa kwenye tiketi yako, na mara nyingi picha yako hutokea kwenye skrini ya mhudumu inaposomwa. Anayekuuzia pasi nje ya geti anakuuzia karatasi.

Simu ikizima?

Kama mna bangili au kadi iliyounganishwa na tiketi, hiyo inatosha mlangoni. La sivyo, nenda huduma kwa wateja na kitambulisho. Nafasi yako iko kwenye mfumo, haiko kwenye simu. Piga picha ya skrini ukishapata namba, na ukumbuke kwamba picha hiyo ni ya kumbukumbu tu, kwa kuwa milango mingi haisomi picha. Beba pawabenki iliyojaa chaji, na asiyeshika akaunti ya familia ndiye awe na kazi ya kupiga picha na video.